Mbao za Kujaza Upepo na Usalama wa Mashamba ya Mwani

Katika fukwe za mashariki ya Unguja, hususan Paje na Jambiani, wananchi wamekwishazoea kuwaona wageni na vijana wa vijijini wakiteleza baharini kwa kuvutwa na tiara kubwa. Miaka ya karibuni umeongezeka mchezo mwengine ulio ndugu wa huo, ambao ulianza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 2010. Mchezaji hushika mikononi bawa la kitambaa lililojazwa upepo na kusimama juu ya ubao. Chini ya ubao huo hufungwa mlingoti wa aluminiamu au kaboni wenye mabawa mawili madogo. Mwendo ukizidi, mabawa hayo huunyanyua ubao juu ya maji, kama ndege ipaavyo.

Baadhi ya mbao hizo ni ngumu, na nyengine ni za kujaza upepo. Ndani ya ubao wa kujaza mna maelfu ya nyuzi zinazoshikanisha kitambaa cha juu na cha chini. Hivyo haufuri kama puto, bali hubaki bapa na mkakamavu. Shinikizo lake kwa kawaida ni baina ya pauni 15 na 20 kwa inchi ya mraba, yaani takriban nusu hadi theluthi mbili ya lile la tairi la gari ndogo.

Faida yake ni kuwa hukunjwa na kuchukuliwa mkobani, na mwanafunzi akiuangukia haumuumizi sana. Kasoro yake ni kuwa hunesa zaidi kuliko ubao mgumu, khasa upepo ukipungua ndani. Aidha, ukiachwa juani shinikizo hupanda na gundi ya maungio huweza kuachia. Kwa hiyo ni vyema uwekwe kivulini au upunguzwe upepo. Baada ya matumizi, vifaa vyote vioshwe kwa maji baridi, kwani chumvi hula aluminiamu.

Hata hivyo, ulaini wa ubao usimdanganye mtu. Mlingoti ulio chini yake hufikia sentimita 70 hadi 90, na mabawa yake yana ncha kali. Maji yakijaa, vigingi na kamba za mwani hufunikwa, na mchezaji asiye mwenyeji huona bahari tupu mahali penye shamba la mtu. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kamba moja ikikatwa, mwani huchukuliwa na maji, na jasho la wiki kadhaa hupotea. Kadhalika, maji yakipwa wakulima huwamo mashambani, nao wako hatarini iwapo mchezaji atapita karibu.

Kwa sababu hizo, waendeshaji wa mchezo huu na wachezaji wanashauriwa yafuatayo:

1. Kujua saa za maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvu tofauti yake hukaribia mita 4, na ndani ya mwamba kina hupungua upesi.

2. Kutoingia mahali penye kina chini ya mita moja na nusu.

3. Kuonana na Sheha na wakulima ili kuoneshwa mipaka ya mashamba kabla ya kuanza.

4. Kuufunga ubao mguuni au kiunoni kwa kamba yake, usije ukachukuliwa na upepo.

5. Kuufahamu upepo wa pahala. Kusi na Kaskazi humrejesha mchezaji pwani katika fukwe za mashariki, lakini upande wa magharibi Kusi humsukuma bahari kuu.

Wakulima nao wanaombwa kuweka maboya yanayoonekana kwenye pembe za mashamba yao. Bahari hiyo ni riziki ya mkulima na ni riziki ya mwenye kufundisha mchezo. Kila mmoja akiijua mipaka ya mwenziwe, yote mawili yatawezekana.