Sheria na Nyumba Zetu, Sehemu ya 6: Ploti ya Tassia na sheria ya mwaka 1882

Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya Mahakama ya Juu kutoa hukumu yake ya Januari 27, 2023, nilimpelekea fundi wangu viatu kwenye kibanda chake hapa Tassia, Embakasi, Nairobi. Redio ilikuwa inanguruma. "Mwalimu, umesikia?" akaniuliza kabla sijamsalimia. "Nusu kwa nusu imefutwa. Mwanamke sasa hana lake." Kijana aliyekuwa akisubiri akacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni hakusema neno. Alilipa, akachukua viatu vyake, akaenda zake. Huyo ndiye ninayemwandikia leo.

Kesi yenyewe ni ya hapa kwetu. Nyumba iliyogombaniwa, pamoja na vyumba vya kupangisha vilivyojengwa kwenye ploti hiyo hiyo, iko hapa Tassia, na iliandikishwa kwa jina la mume. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba waliyoishi na asilimia 20 ya vile vyumba. Hakuridhika, akakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikamgawia nusu ya vyote. Zamu ya mume ikafika. Akapanda hadi Mahakama ya Juu, na Ijumaa ile majaji wakaiacha nusu ya mke kama ilivyokuwa. Ndugu zangu, mama wa Tassia ameshinda! Kilichokataliwa ni dhana kwamba nusu humwangukia mtu kwa sababu tu alioa au aliolewa. Usawa unaotajwa katika Kifungu cha 45(3) cha Katiba, walisema majaji, maana yake ni kila mmoja kupata fungu lake la haki, bila kuzidishiwa. Fungu hilo hupimwa kwa mchango, na huyu mama mchango wake ulionekana.

Kilichoninyima usingizi katika hukumu hii ni sheria iliyotumika kuamua. Kwa kuwa kesi ilianza kabla ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, majaji waliishika sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Ploti ya Embakasi, karne ya 21, inapimwa kwa kanuni iliyopitishwa London siku ambazo reli ya Mombasa ilikuwa haijawekwa hata taruma moja.

Ilifikaje huku? Wakoloni waliweka tarehe moja, Agosti 12, 1897: sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo zikawa zinaweza kutumika hapa, na sharti hilo bado limo katika vitabu vyetu. Ile ya mwaka 1882 ikaingia nchini kwa mlango huo. Huko kwao ilikuwa ukombozi mkubwa. Kabla ya mageuzi ya aina hiyo, mwanamke wa Kiingereza akishaolewa, nafsi yake kisheria ilimezwa na ya mume. Mshahara wake na samani aliyokuja nayo vikawa vya mume. Mwandishi Caroline Norton alimwacha mumewe mwaka 1836 baada ya kupigwa miaka mingi, akagundua kwamba hata pesa za vitabu alivyoandika kwa mkono wake si zake. Aliandika vijitabu na kuwasumbua wabunge mpaka sheria ya malezi ya watoto ikabadilika mwaka 1839. Alifariki mwaka 1877, hakuiona ya 1882.

Nami kila nikifika hapa huikumbuka pwani yetu. Karne nyingi kabla ya Bunge la London kushtuka, mwanamke wa Mombasa au Lamu aliyeolewa kwa sheria ya Kiislamu alibaki na mali yake mwenyewe. Ndoa haikumhamishia mume hata mnazi mmoja. Mwingereza alituletea kwa meli kitu ambacho sehemu ya watu wetu walikuwa nacho tayari, na hatukuambiwa hivyo shuleni. Sheria ya 2013 imeliheshimu hilo: Mwislamu anaweza kufuata sheria ya dini yake katika mali ya ndoa.

Kasoro ya ile ya 1882 ni kwamba ilimwachia kila mmoja chake bila kusema lolote kuhusu walichochuma pamoja. Waingereza waliona pengo wakaliziba miaka ya 1970. Sisi, mwaka 1971, ndipo Mahakama Kuu ilipothibitisha kwamba sheria hiyo ni yetu pia! Katika kesi ya Kivuitu, mwaka 1991, majaji walitambua kwamba mke asiye na mshahara naye huijenga nyumba kwa kuitunza. Tukashangilia. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ikarudi nyuma: mchango lazima uwe wa fedha, na mke aliyekuwa amepewa nusu ya shamba la Tigoni akabakiziwa robo. Majaji wenyewe walisikitika kwamba Bunge lilikuwa limelala.

Bunge liliamka mwaka 2013. Sasa mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara au mali ya familia, kazi ya shamba, hata kuwa mwenzi wa mtu. Nayaandika haya kwa furaha ya mtu aliyeyangoja miaka mingi. Jirani yangu mmoja ana daftari la kurasa 96, jalada lake limelowa chai. Wakati wa mjengo wao aliandika humo kila lori la mchanga na kila mfuko wa saruji, nani amelipwa na nani anadai. Hajaandika alfajiri alizopanda ngazi na ndoo kumwagilia slabu maji isipasuke, wala sufuria za ugali wa mafundi. Nilimwambia aandike na hayo. Akaniuliza, "Hata maji, mwalimu?" Hata maji, mama. Nanyi akina baba mnaopeleka jina moja tu kwenye ofisi ya ardhi huku mliojenga mlikuwa wawili, mnajua mnachofanya.

Nafasi imeniishia na sijafika kwa yule mama wa kibandani, ambaye pengine shida yake si kugawana mali bali usalama wake nyumbani. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 haihesabu kipigo peke yake. Vitisho, kuviziwa na kunyimwa pesa za matumizi navyo vimo. Mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, na hakimu ana uwezo wa kuamuru mpigaji ndiye atoke nyumbani, hata kama hati ina jina lake. Simu ya 1195, ya kuwasaidia wanaofanyiwa ukatili, haitozwi. Juma lijalo nitaeleza jinsi ombi hilo linavyoandikwa, na nani anaweza kuliwasilisha kwa niaba ya mtu ambaye hathubutu kutoka mlangoni.