Pikapu ya Kwenda Korbesa Haiinuliwi kwa Macho

Msimu wa vuli ukikaribia, karakana yangu hapa Changamwe hujaa pikapu za watu wanaotaka gari "lipandishwe". Zamani walikuwa zaidi watu wa mashamba ya Kwale na wa kule Kipini. Siku hizi naona wengi ni wafanyabiashara wa mbuzi na wachukuzi wa bidhaa waendao juu, Isiolo, Merti, mpaka Korbesa, kwa sababu lami imefika Isiolo na ikaendelea hadi Moyale. Lami hiyo huwapumbaza watu. Ukishaiacha na kushika njia ya Merti, bonde la Ewaso Nyiro lina mchanga wa kuzama, tope la kunata mvua ikinyesha, mawe meusi yenye makali, na laga, yaani mikondo ya mito mikavu ambayo kingo zake zimesimama kama ukuta. Hapo ndipo gari la chini hugonga pua.

Basi mtu huja na picha kwenye simu, gari la Australia limesimama juu kama ngamia, akaniambia, "Fundi, nataka hivi." Mimi humwuliza swali moja tu: utabeba nini?

Nimekwenda huko mara kadhaa kufuata magari yaliyovunjika, na nilichokiona ni kwamba pikapu za wenyeji, Waborana wanaoishi na njia ile mwaka mzima, haziko juu sana. Nyingi ni Land Cruiser, zile ambazo huunganishwa papa hapa Miritini kwenye kiwanda cha AVA. Springi zao za nyuma ni nene, matairi ni membamba na marefu, ya 7.50R16, na upande wa nyuma hauburuti hata gari likijaa.

Kwanza tuelewane juu ya kile unachonunua. Seti ya kuinua gari hupandisha bodi na chesi. Difu ya nyuma imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Hata ukiinua bodi inchi sita, difu itabaki pale pale na jiwe litaigonga vile vile. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, na hata hilo hukupa nusu tu: tairi likizidi kimo kwa inchi mbili, difu hupanda inchi moja. Faida ya kuinua bodi iko kwingine. Bampa haligusi ukingo unaposhuka kwenye laga, tumbo la gari halikai juu ya kichuguu, na springi hupata nafasi ya kucheza bila kugonga mwisho wake. Kwa kazi hiyo, inchi mbili, karibu sentimita tano, zinatosha. Sijaona njia ya Merti ikihitaji zaidi.

Sasa mzigo. Chukua karatasi, andika. Kizimba cha chuma cha mbuzi, tuseme kilo 150. Matairi mawili ya akiba, 60. Madumu sita ya dizeli ya lita 20, karibu kilo 100. Maji lita 100, kilo 100. Mbuzi 20 wa kilo 30 kila mmoja, 600. Umeshafika kilo 1,010 na hujampandisha mtu hata mmoja, na tani moja ndiyo kadiri ya kawaida ya pikapu hizi. Usikisie. Lipeleke gari kwenye mizani ya kokoto au ya chuma chakavu, lipimwe tupu, kisha limejaa.

Hesabu hiyo ndiyo itakayochagua springi. Makampuni yanayojua kazi, kama Old Man Emu ya Australia, huuza springi za gari moja kwa madaraja tofauti ya mzigo. Muuzaji akikuuliza unataka inchi ngapi asikuulize uzito, toka dukani kwake. Springi nyepesi ukiibebesha tani, inchi ulizozilipia hupotea siku ya kwanza. Na springi ya mzigo mzito kwenye gari linalorudi tupu huruka juu ya ile mikunjo ya barabara iliyo kama bati. Magurudumu ya nyuma huwa hewani nusu ya wakati, na kwenye kona nyuma huhama bila kukuaga. Kwa hiyo chagua kwa uzito unaokaa garini siku nyingi. Tena springi nene haiongezi nguvu ya ekseli, beringi wala chesi. Chesi za kupinda nyuma ya kabini nimeziona za kutosha, zote zikiwa na springi mpya zinazong'aa.

Land Cruiser ya pikapu, ile ya 79 iliyotoka mwaka 1999, ina ekseli nzima mbele juu ya springi za koili, na nyuma springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Ukiiinua mbele, ekseli huzunguka kidogo, na usukani huanza kutangatanga barabarani. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo. Zidai ziwemo kwenye bei. Hilux za miaka hii ni jambo jingine. Mbele kila gurudumu linacheza peke yake, na shafti ndogo zinazolizungusha hazipendi kukaa kwa pembe kali. Ukipita inchi mbili, mpira unaofunika viungo vyake hupasuka, mchanga huingia, na utasikia mlio wa tak-tak ukikata kona. Mwenye Hilux asishindane na mwenye Land Cruiser.

Vya rahisi navijua. Kuna vipande vya chuma au plastiki vya kuweka juu ya koili, na kuna sheko ndefu za springi za nyuma. Hivyo hupandisha gari, lakini springi inabaki ile ile iliyochoka. Sheko ndefu hupindisha pembe ya propela, gari likaanza kutetemeka, na nyuma huyumba ubavuni kama jahazi lisilo na farumi. Kama pesa ni kidogo, nunua springi za nyuma zilizo sawa na mzigo wako, mbele uache vilivyo. Shokomzoba zibadilishwe pamoja na springi, zenye urefu unaolingana. Njia ya mikunjo huzichemsha mpaka mafuta yake hayazuii tena kitu, na shokomzoba fupi kwenye gari lililoinuliwa hung'oka kila gurudumu linapoingia shimoni.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi ni breki. Pikapu nyingi zina valvu juu ya ekseli ya nyuma, imefungwa na mkono wa chuma, inayopima mzigo kwa kuangalia nyuma imekaa chini kiasi gani. Ukiinua gari, valvu huona nyuma iko juu, ikadhani halina kitu, ikapunguza breki za nyuma. Una mbuzi 20, unateremka kuingia laga, na breki zako ni za gari tupu. Mkono huo lazima urekebishwe, na mipira ya breki iwe mirefu kiasi cha kutonyooka ekseli inaposhuka mwisho.

Na juu ya kizimba huwa kuna watu. Huko hakuna matatu ya kila saa. Mama mwenye mtoto mgonjwa atapanda palipo na nafasi, na nafasi iko juu ya mbuzi. Mbuzi wenyewe wamesimama, gari likilala upande nao wote huegemea upande ule ule. Kila sentimita uliyoinua inapandisha uzito wote huo, na ukingo wa laga hauhitaji mwendo mkubwa kulipindua gari. Ndiyo sababu mtu wa kubeba watu na mifugo akiniomba inchi nne simfungii, hata akilipa mara mbili.

Wengi wanaolalamikia mchanga hawahitaji kuinua chochote. Gari likiwa jepesi, punguza upepo wa tairi hadi 20, vuka polepole, kisha ujaze tena kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Mto ukiwa umeshuka na maji, subiri. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata hata barabara ya lami pale Madogo karibu na Garissa, sembuse laga.

Ukishafungiwa, dai yu-bolti mpya, za zamani zimeshavutika. Pima magurudumu, shusha mwanga wa taa, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Kisha jaza gari mzigo wako halisi na uende nalo mpaka Mariakani na kurudi, ujaribu breki. Baada ya kilomita 500 kaza yu-bolti zote tena, kabla hujavuka Isiolo, kwa sababu ekseli ikihama baada ya hapo utalala njiani.