Robo lita ya oili inayobeba gurudumu la nyuma

Dereva wa bodaboda hahitaji kukumbushwa habari za cheni. Ikilegea, anaisikia ikigonga. Ikikauka, inalia njia nzima. Ikifika mwisho, meno ya sproketi yanachongoka kama ya msumeno, na hata mtoto anayepita anaweza kuona kwamba kazi imeisha.

Pikipiki ya shafti haina kelele hizo. Nguvu ya injini inatoka kwenye giaboksi, inapita kwenye mhimili wa chuma uliofichwa ndani ya mkono wa nyuma, inafika kwenye difu na kupinda nyuzi 90 kuelekea gurudumu. Hakuna cha kukaza wala cha kupaka mafuta kila wiki. Ndiyo maana wenye pikipiki hizi husahau, na wanachokisahau ni oili ambayo, kwenye difu la BMW nyingi za zamani, ni robo lita tu. Glasi moja ya chai.

Shafti si uvumbuzi wa jana. Kampuni ya FN ya Ubelgiji iliifunga kwenye pikipiki yake ya silinda nne mwaka 1905. BMW ikaifuata mwaka 1923 kwa R 32, iliyosanifiwa na Max Friz, na tangu hapo shafti ikawa kama alama ya ukoo wa pikipiki zake. Moto Guzzi V7 ya mwaka 1967 ilikuwa nayo, na Honda Gold Wing ya mwaka 1975 pia. Mwaka 1980 ikaja R 80 G/S, pikipiki ya barabara ya lami na ya vumbi kwa pamoja, na ikaenda kujaribiwa mahali ambapo mchanga hutafuna cheni bila huruma: mashindano ya Paris-Dakar. Hubert Auriol alishinda juu ya BMW mwaka 1981 na 1983, kisha Gaston Rahier akashinda mwaka 1984 na 1985.

Pikipiki za ukoo huo bado zinaonekana Afrika Mashariki, zikiwa na masanduku pembeni na vumbi la nchi tano, zimebeba wasafiri wanaovuka bara kati ya Cairo na Cape Town. Jijini Nairobi, kituo cha Jungle Junction kimekuwa kwa miaka mingi mahali pa wasafiri wa aina hiyo kupumzika na kurekebisha vyombo vyao.

Kwa nini oili ya difu iwe tofauti na ya injini? Jibu limo kwenye meno. Pinioni ndogo inaposukuma gia kubwa ya gurudumu, meno yake hayakutani na kuachana tu. Yanateleza moja juu ya lingine huku yakibanana kwa nguvu kubwa sana. Mbano huo unaweza kuikamua oili ya kawaida ikatoka katikati, chuma kikabaki kinasaga chuma. Oili ya gia huwekewa viungo vya salfa na fosforasi ambavyo, chuma kinapopata joto, hujenga utando mwembamba wa kuyalinda meno. Ndiyo sababu ukifungua chupa yake unakutana na harufu ya kiberiti. Kwenye lebo huandikwa SAE 90 au 80W-90, pamoja na daraja la GL-5. Mafundi wa Toyo, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, hawana ugeni na oili ya namna hii, kwa kuwa nazo zina shafti na difu.

Kwenye BMW za miaka ya 1970 kuna jambo linalowachanganya wengi: oili hii hukaa katika vyumba vitatu visivyochangiana. Giaboksi huchukua takribani lita 0.8. Mkono wa shafti huchukua kati ya lita 0.1 na 0.15, kutegemea toleo. Difu huchukua robo lita. Kila chumba kina nati yake ya kumwagia na ya kujazia, na kujaza kimoja hakukisaidii kingine. Matoleo ya Paralever yaliyoanza mwaka 1987 yana shafti kavu isiyotiwa oili kabisa, kwa hiyo kitabu cha pikipiki husika ndicho cha kufuatwa.

Kazi yenyewe huanza barabarani. Pikipiki huendeshwa kama nusu saa, kwa sababu oili ya gia ikiwa ya baridi ni nzito kama asali, lakini ikipata joto hutiririka na kutoka na uchafu wake. Ikishasimamishwa kwenye stendi ya katikati, nati ya kujazia ndiyo hufunguliwa kwanza. Utaratibu huu hauna mjadala. Mtu akianza kwa kumwaga, kisha akakuta nati ya juu imeshika kutu na haizunguki, atabaki na difu tupu na pikipiki isiyoweza kutembea hata kufika kwa fundi.

Nati ya chini ikitoka, oili huchuruzika kwenye beseni kwa uzi mweusi, polepole, huku mwenyewe akiwa amechuchumaa kuitazama. Afadhali atazame vizuri, maana hapo ndipo difu linaposema hali yake. Ncha ya nati ya kumwagia mara nyingi ina sumaku. Ikiwa imeshika ute laini wa kijivu, unaopakika kati ya kidole gumba na cha shahada bila kukwaruza, huo ni usagikaji wa kawaida. Vikionekana vipande vinavyometa, au chembe ngumu zinazochoma kidole, kuna beringi au jino linalovunjika, na oili mpya haitaliponya. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine kwa kuvuka mto au kwa kuosha kwa pampu ya nguvu.

Nati husafishwa, hupewa washa mpya, kisha hurudishwa na kukazwa kwa kiasi, kwa sababu uzi wake uko kwenye aluminiamu na haukubali ubabe. Oili mpya husukumwa kwa bomba kubwa la sindano hadi ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kuzidisha ni kosa. Oili iliyojazwa kupita kiasi hutafuta njia ya kutokea kwenye sili, na kwenye modeli zenye breki ya ndani ya ngoma, huenda ikaishia kwenye breki za nyuma.

Oili iliyotoka haimwagwi mtaroni. Hutiwa kwenye chupa na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Baada ya safari fupi, pikipiki husimamishwa tena na kitambaa cheupe hupitishwa chini ya difu, kuzunguka nati. Kikitoka kikavu, tarehe na kilomita huandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kibandiko, kibandiko hubandikwa chini ya siti, na siti hufungwa.