Maana ya Mwana katika Jina Mwanaisha

Jina Mwanaisha, ambalo ni la kike na limeenea katika pwani ya Waswahili, mara nyingi hufasiriwa kuwa ni 'mtoto wa Aisha'. Fasiri hiyo inavutia kwa kuwa viungo vya jina vinaonekana wazi: mwana, na Aisha, jina la Kiarabu lenye maana ya 'aliye hai', ambalo Waislamu hulienzi kwa ajili ya mkewe Mtume. Irabu a mbili zilizokutana zimeungana kuwa moja. Kimofolojia, basi, hakuna utata. Utata umo katika maana ya kiungo cha kwanza.

Huenda ikadaiwa kwamba, lau mwana hapa ingekuwa na maana ya mtoto, tungetarajia a-unganifu: mwana wa Aisha. Hoja hii haitoshi. Katika mwanadamu nomino mbili zimeandamana bila ya a-unganifu, na maana yake ya asili ni mtoto wa Adamu hasa. Hoja yenye uzito zaidi ni ya jinsia. Mwana kwa maana ya mtoto halibagui mvulana na msichana. Wala mwana- ya mwanafunzi na mwananchi haibagui. Lakini Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanaidi ni majina ya wanawake. Kwa desturi, mvulana aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma. Dada yake aliyezaliwa siku hiyo ndiye Mwanajuma. Kama maana ingekuwa 'mtoto wa Ijumaa', kwa nini kaka anyimwe jina hilo?

Jibu liko katika lahaja za kaskazini, ambamo mwana ni neno la heshima kwa bibi muungwana, mwenye nyumba yake. Mtunzi wa utendi mashuhuri wa mwaka 1858 ni Mwana Kupona binti Mshamu. Binti yake aliyetungiwa utendi huo ni Mwana Hashima. Mumewe, shehe wa Siyu aliyefariki mwaka 1856, alijulikana kama Bwana Mataka. Bwana kwa mume, Mwana kwa mke. Tena nasaba ya mtunzi inabebwa na neno binti, kwa hiyo Mwana haikuhitajiwa kwa kazi hiyo. Upande wa wanaume, Mwinyi ya Mwinyijuma na Mwinyihaji imepita njia iyo hiyo: neno la heshima limegandamana na jina.

Mwanaisha, kwa hiyo, ni 'Bibi Aisha'. Kosa la fasiri iliyozoeleka si dogo, maana linamvua mwenye jina heshima aliyopewa na kumfanya mtoto wa mtu ambaye pengine hayumo katika ukoo wake. Mama wa Mwanaisha aweza kuwa Zuhura.

Umbo lenyewe nalo limeendelea kufupika, kama katika Mwajuma na Mwantumu. Hapo mtafiti ajihadhari asiichanganye Mwa- hii na Mwa- ya majina ya koo za Wanyakyusa, ambayo wanaume na wanawake huyatumia sawa.