Takataka za Kompyuta: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufagia

Katika nyumba za Jinja zenye kompyuta, chombo hicho hutumiwa na jamaa nzima. Baba huandikia barua zake, mama huwekea hesabu za duka, na watoto hufanyia masomo yao. Siku moja kompyuta huanza kwenda polepole, kisha hutangaza kwamba nafasi imekwisha. Hapo hofu huingia, na shauri linalotolewa upesi ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Shauri hilo huweza kuipotezea jamaa picha za arusi, picha za wazee waliokwisha fariki, na kazi za shule za mwaka mzima.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kompyuta huzalisha faili za namna mbili bila kuagizwa. Za kwanza ni faili za muda, mfano wa maganda yanayobaki jikoni baada ya kupika. Za pili ni faili za kumbukumbu, mfano wa kitabu cha zamu katika kituo cha polisi: kila tukio huandikwa pamoja na saa yake. Kurudi kwa faili hizi baada ya kufutwa si ugonjwa. Ni dalili kwamba kompyuta inafanya kazi.

Kuziondoa faili za muda si kazi kubwa. Programu zote zifungwe, kitufe cha Windows kibonyezwe pamoja na herufi R, yaandikwe maneno %temp%, kisha vilivyomo vifutwe. Faili inayokataa kufutwa bado inatumika, basi iachwe. Mwisho pipa la taka limwagwe. Katika Windows 10 na 11, mipangilio ya hifadhi nayo huonyesha orodha ya vitu vya kufutwa. Humo tahadhari inahitajiwa: folda ya Downloads huweza kuwemo katika orodha, na huenda ndimo zilimo picha za jamaa.

Faili za kumbukumbu zisifutwe kwa pupa, kwa kuwa ndizo shahidi wa fundi. Zikivimba kupita kiasi, sababu itafutwe. Mfano ulio wazi ni wa Windows 7, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kumbukumbu iitwayo CBS ilipozidi gigabaiti 2, programu ya kuibana ilishindwa, ikaacha mabaki yenye majina yaliyoanza na cab_. Kila ilipojaribu tena iliacha mengine, hata diski ikajaa. Waliofuta mabaki peke yake waliyakuta yamerudi. Nafuu ilipatikana ilipoondolewa ile kumbukumbu iliyovimba.

Wakazi wa Jinja wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1990 magugu maji yalitanda katika Ziwa Viktoria. Kuyazoa peke yake hakukutosha, kwa kuwa yalichipua upya. Ndipo wakaletwa mbawakawa wanaoyala. Hata hivyo ulinzi hauna likizo. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa cha majani kinachoelea kiliziba mitambo ya bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, na umeme ukakatika nchini kote.

Kukatika kwa umeme nako huongeza takataka, kwa sababu programu iliyozimwa ghafula haipati nafasi ya kufagia nyuma yake. Kwa hiyo kompyuta izimwe kwa utaratibu wake, faili za muda ziondolewe mara moja kwa mwezi, na picha na karatasi muhimu zinakiliwe katika diski nyingine kabla ya fundi kuitwa. Nyumba yenye nakala haitishwi na diski iliyojaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.