Uteuzi wa Muunganisho katika Upokeaji na Utoaji wa Data Unaojiendesha: Mfano wa Hazina za Tasnifu

Tasnifu iliyowekwa katika hazina ya chuo huwafikia watafiti wengi wa mbali baada ya taarifa zake kunakiliwa katika mifumo mingine ya utafutaji. Unakili huo hufanywa na programu kwa ratiba maalumu. Makala haya yanafafanua namna ya kuteua muunganisho unaofaa kazi hiyo. Hoja kuu ni kwamba uteuzi uongozwe na aina ya data na upande unaoanzisha mawasiliano, si mazoea.

Kigezo cha kwanza ni usiri. Itifaki ya FTP, iliyosanifishwa mwaka 1985, husafirisha nywila na faili bila kuzificha. Yeyote anayedukiza njiani huweza kuzisoma. FTPS huongeza usimbaji, lakini hutumia njia mbili, moja ya amri na nyingine ya data, jambo linaloleta ugumu panapokuwa na ukuta wa usalama wa mtandao. SFTP hupitisha vyote katika njia moja iliyosimbwa, na huruhusu programu kujitambulisha kwa jozi ya funguo badala ya nywila. Kwa hiyo, rekodi za sauti za wasailiwa, ambao waliahidiwa kutotajwa, zinastahili SFTP.

Kigezo cha pili ni upande unaoanzisha. Taarifa fafanuzi za tasnifu, yaani mwandishi, anwani, mwaka na lugha, ni za wazi, na wanaozihitaji ni wengi. Hazina haiwezi kumpelekea kila mmoja faili. Itifaki ya OAI-PMH, ambayo toleo lake la pili lilitolewa mwaka 2002, humwachia mvunaji aje mwenyewe kupitia HTTP na kuomba rekodi zilizobadilika tangu tarehe fulani tu. Orodha ikiwa ndefu, hazina huweza kuitoa kwa mafungu, kila fungu likiambatana na alama ya kuendelezea.

Kigezo cha tatu, ambacho aghalabu husahauliwa, ni uondoaji. Tasnifu ikiondolewa kwa sababu msailiwa amebatilisha ridhaa yake, faili iliyokwisha kutumwa haina namna ya kujua. OAI-PMH huiwezesha hazina kutangaza kwamba rekodi imefutwa, lakini kwa sharti kwamba hazina imechagua kutunza kumbukumbu za ufutaji. Isipochagua hivyo, rekodi hutoweka kimyakimya hapa huku nakala zake zikiendelea kuonekana kwingine.

Hivyo basi, data ghafi zisafirishwe kwa SFTP, taarifa fafanuzi zivunwe kwa OAI-PMH, na kumbukumbu za ufutaji zitunzwe daima. Aidha, sehemu ya lugha ijazwe kwa usahihi: tasnifu ya Kiswahili iliyoandikwa “en” badala ya “sw” itavunwa salama, kisha itakosekana kwa kila anayechuja matokeo kwa lugha ya Kiswahili.