Mwanafunzi wa Dawa Naye Afunzwe Kusikiliza



Tunapotembelea vikundi hapa Katito tunaulizwa: mbona mtu anapewa dawa nzuri na bado haponi? Sababu moja ni kwamba aliyetoa dawa na aliyepewa hawakuelewana.

Tuchukue mfano wa dawa ya malaria, AL. Inamezwa mara 6 kwa siku 3, na ya pili ni masaa 8 baada ya ile ya kwanza. Mama amempa mtoto ya kwanza saa kumi jioni. Kwenye bahasha kumeandikwa tu "saa 8". Basi mama anangoja saa nane mchana wa kesho. Masaa 22 yamepita, na malaria haingoji! Mama hana kosa. Angeambiwa tu, "Mpe ya pili saa sita usiku."

Kwa hiyo mwanafunzi wa famasia hatoshi kujua madawa peke yake. Lazima ajue watu pia. Kule Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walianza kuja miaka ya 2000, wakijifunza wodini kwa wiki 8 hivi pamoja na wenzao Wakenya. Lakini somo hili si la wageni wa ng'ambo tu. Kijana wa Nyeri au Mombasa akiletwa huku kwetu, Dholuo hajui, na chira hajawahi kuisikia.

Tunakumbuka UKIMWI ulipoingia, wengi walisema ni chira, eti mtu amekonda kwa kuvunja mwiko. Mtoa dawa akilicheka neno hilo, mgonjwa ataitikia kwa adabu, aende zake, na vidonge vya ARV vibaki kabatini. Akiuliza kwa upole, "Nyumbani mnatumia nini kingine?", ataambiwa habari ya mwarobaini na ogaka, naye atashauri vizuri.

Sisi nasi tuna kazi:

1. Tusione haya kutaja mitishamba tunayotumia.
2. Kabla ya kuondoka dirishani, turudie maagizo kwa maneno yetu: vidonge vingapi, saa ngapi, siku ngapi.
3. Homa ikishuka, tusiache dawa. Tumalize dozi.
4. Mwanafunzi akija kijijini, kikundi kimkaribishe na kumweleza desturi zetu bila kumficha.

Mwalimu wake chuoni hawezi kumfunza yote. Mengine atayapata kwetu.